Mwisho wa Mama Pasi

Watu hutoka jela na mambo mbalimbali. Wengine hutoka na dini, wengine na kikohozi. Fundi Kitasa, baada ya miaka sita, alitoka na mfuko wa nailoni, suruali moja iliyokuwa ikimbana alipoingia na sasa ilikuwa ikimvuka, na ujuzi wa filamu ambao hata yeye hakujua kwamba ni ujuzi.

Jina la Fundi Kitasa alikuwa nalo tangu zamani, enzi zile mtu wa mtaani akifungiwa nje anamkimbilia yeye. Na ni kazi hiyohiyo iliyompeleka ndani. Mchana mmoja alikuja bwana aliyevaa suti, akasema amepoteza funguo za nyumba yake, mke kasafiri, watoto wanarudi kutoka shule muda si mrefu. Fundi akaenda, akafungua kwa dakika nne. Bwana wa suti akaingia, akabeba kila kilichobebeka, akatoweka mpaka leo. Mahakama ilikuwa inahitaji mtu wa kumfunga, na mtu aliyekuwepo alikuwa fundi. Shahidi wa upande wake hakupatikana hata mmoja.

Lakini tusimpambe sana. Mwenyewe husema vidole vyake vilijua. Mwenye nyumba humsimamia fundi kichwani, humwambia taratibu bwana usinichubulie mlango. Yule alisimama mbali, karibu na geti, akitazama barabara. Fundi aliliona hilo, na akaendelea kuzungusha waya. Kosa lipo, basi, kosa la dakika nne.

Mwaka wake wa kwanza huko ndani, wahisani fulani walileta runinga na sanduku la diski. Wahisani ni watu wema sana, hasa wanapogawa wasichokitaka. Diski zilitoka kwenye duka lililofilisika, nazo zilikuwa zile ambazo hakuna mteja aliyezigusa hata siku duka lilipokuwa linakata roho: filamu za kutisha kumi na nne, na tisa za ile aina ambayo wasomi huiita ya kisanii, yaani mtu anatazama dirisha dakika ishirini na hakuna anayemuuliza ana shida gani. Wanazungumza lugha ngeni, na maandishi ya chini ni ya lugha ngeni nyingine. Wafungwa wakapigwa picha wakishukuru.

Basi kila Jumamosi saa nane na nusu mchana runinga iliwashwa. Saa kumi kamili askari alichomoa waya ukutani, maana saa kumi ni kuhesabiwa. Awe muuaji amebakiza dakika moja kujulikana, awe mtoto ameshika kitasa cha chumba cha chini, waya ulichomolewa. Wafungwa walitoka uani, wakachuchumaa kwa mistari, vichwa chini, kila mmoja akataja namba yake kwa sauti. Na huruhusiwi kuinuka mpaka anayekufuata ataje yake. Fundi alikuwa kumi na nne. Kumi na tano alikuwa kinyozi mmoja aliyefungwa muda mrefu kuliko wote, mtu mpole, ambaye saa kumi akili yake ilikuwa bado iko kwenye filamu. Fundi angesema "Kumi na nne!" kisha kimya, magoti yanawaka moto, jua la kisogoni, mpaka Kinyozi arudi duniani na kusema "Ah, kumi na tano." Askari alirudisha hesabu kwenye moja. Walimtukana kila mara, na kila mara alisema samahani.

Kwa hiyo ndiyo hali: miaka sita, filamu ishirini na tatu, na hakuna aliyewahi kuona mwisho wa hata moja. Miisho waliitunga wenyewe. Wiki nzima, kwenye shamba la mboga na kwenye foleni ya maji, watu wazima walibishana nusura wapigane. Kwa kuwa majina ya kwenye majalada hayakusomeka, walizibatiza upya. Palikuwa na Mzee wa Dirisha. Palikuwa na Nyumba ya Mama Mkwe, ambayo haikuwa na mama mkwe yeyote, ila mzimu ulikuwa unahama chumba hadi chumba ukikagua vumbi.

Za kutisha hazikumtisha mtu. Mwanamke yuko peke yake katika nyumba ya vyumba kumi na sita, analia kwa hofu. Watu sitini wanaolala ubavu katika bweni moja wanapiga kelele, mlete huyo jini huku, na atuachie chumba! Kilichowauma ni kitu kingine. Mlango ulikuwa wazi. Kila mara mlango ulikuwa wazi, na yule dada badala ya kutoka alipanda ngazi. "Toka, dada!" walipiga mayowe, wengine machozi yakiwalenga. "Toka, mlango huo hapo!"

Za kisanii, ambazo nje huko watu hulipia ada chuoni ili waelezwe, walizielewa siku ya kwanza. Mtu amekaa, anangoja, hakuna kinachotokea. Nani wa kuwafafanulia hilo?

Waliyoipenda kuliko zote waliiita Mama Pasi. Mwanamke wa makamo anafanya kazi kwa dobi, anapiga pasi mashuka. Mwanzoni kabisa tarishi anamletea barua. Anaitia mfukoni mwa aproni bila kuifungua, na kwa saa moja na nusu anapiga pasi. Basi. Mvuke, shuka, mvuke, shuka. Karibu na saa kumi anaiweka pasi chini, anafuta mikono, anaingiza mkono mfukoni, na hapo askari anachomoa waya. Barua ilisema nini? Nyapara wa bweni alishikilia kwamba ni ya kifo. Fundi alisema ni ya kudaiwa kodi. Kinyozi, kwa ule upole wake, miaka yote alisema neno moja tu: imeandikwa "Njoo."

Siku fundi anatoka, Kinyozi alimshika mkono. Alikuwa bado na miaka kumi na mmoja mbele yake. "Kaitafute," alisema. "Uione mwisho wake, uje utuambie Jumapili ya kutembelewa. Na kama ni kodi, nitakubali."

Nje alipokewa na dada yake, ambaye ndiye aliyemlelea binti yake. Mama wa binti alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na baba alipofungwa mtoto alikuwa na miaka kumi na mitano. Sasa alikuwa na ishirini na mmoja, msaidizi katika duka la miwani, msichana wa kunyoosha mgongo na kuongea taratibu. Huyo shangazi ni mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kukata bati. Ndiye aliyewatangazia majirani, tangu siku ya hukumu, kwamba kaka yake yuko ughaibuni, anafunga vitasa vya mahoteli. Ndiye pia aliyemkataza binti asikanyage jela hata siku moja. "Nchi gani?" watu wakiuliza, alijibu, "Ya baridi," na maswali yakaisha. Tabu ilikuwa sasa, fundi alipotokea mlangoni.

"Mtu wa ughaibuni harudi na mfuko wa nailoni," shangazi alisema, akimkagua kuanzia viatu. "Umenitia aibu. Pita ndani haraka."

Fundi alipewa chumba cha uani. Kazi aliipata katika duka la vifaa vya ujenzi, ya kuchonga funguo, kwa sharti kwamba asiguse mlango wa mtu. Alichonga funguo za watu siku nzima na hakuruhusiwa kuona kufuli zake. Hilo alilimudu. Alilokuwa halimudu ni binti. Alimwamkia shikamoo asubuhi na jioni. Alimletea chai kwenye kikombe cha wageni, kile chenye kisahani. Chakula kikiwa tayari aliutangazia ukuta: "Chakula tayari." Neno baba hakulitamka. Fundi alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani, na hakukificha moyoni mwake mwenyewe: mtoto huyu amwite baba, mbele za watu, akijua na watu wakijua ametoka wapi. Kwa wakati huo angeridhika hata na kikombe cha plastiki.

Mazungumzo yao ya kwanza yaliletwa na paka. Jioni moja binti alikuwa sebuleni anatazama filamu kwenye kompyuta yake. Fundi alipita nyuma akielekea bafuni na taulo begani, akatupa jicho.

"Sasa hivi paka atadondosha chungu," akasema.

Paka akadondosha chungu. Binti akageuka.

"Umeiona hii?"

"Mara kumi na moja. Nyumba ya Mama Mkwe."

"Haiitwi hivyo."

"Najua. Mtazame huyo dada, anahangaika na kitasa. Kile ni kitasa cha chooni, mama. Unakifungua kwa kijiko. Mpaka leo sijamwelewa."

Binti alicheka. Alicheka kabla hajajizuia, akafunika mdomo. Kisha wakakaa wote hadi filamu ikaisha, na hivyo ndivyo fundi alivyojua, kwa mara ya kwanza, kwamba mzimu ulikuwa ni wa mpangaji. Alikasirika siku mbili.

Tangu hapo waliongea filamu. Mengine yote yaliwashinda, lakini ya filamu yalitoka. Ndipo akamweleza habari ya waya, na saa kumi, na kuchuchumaa, na Kinyozi na uzito wake wa kutaja namba. Binti alisikiliza huku akifuta miwani ya mteja, akiifuta hata ilipokwisha kung'aa. Alishaona kwamba kila saa kumi, baba yake akiwa nyumbani, huacha anachofanya na kusimama wima jikoni kama dakika tano. Hakuwa ameuliza.

Binti alikuwa mwanachama wa Chama cha Sinema Makini, kilichokutana Jumamosi katika ukumbi wa juu wa maktaba. Siku moja maneno yalimponyoka: "Si uje Jumamosi." Alionekana kujuta papo hapo, lakini fundi alikuwa ameshaanza kutafuta shati.

Mlangoni mwa ukumbi alisimama Mwenyekiti wa chama, mhadhiri mstaafu aliyevaa skafu kwenye joto la kuyeyusha mshumaa. Binti alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Huyu ni mjomba wangu," akasema.

Fundi alitoa mkono, akatabasamu. Mjomba! Kwa hiyo baba alibaki ughaibuni kwenye baridi, na yeye hapa amekuwa kaka wa marehemu mkewe, yaani shemeji yake mwenyewe. Iliuma kisawasawa. Lakini alipewa kiti cha mbele, na Mwenyekiti alimuuliza kwa adabu, "Na shemeji anaendeleaje huko?"

"Baridi," fundi akajibu.

Filamu ya siku ile ilikuwa ya kutisha, fupi, akaiona yote. Kisha wakaanza kuchambua. Mmoja alisema nyumba ni mwili. Mwingine alisema nyumba si mwili, nyumba ni dola. Mwenyekiti alifumba macho, akasema ukimya wa filamu hii unapiga kelele, na watu wakaandika. Fundi aliombwa naye aseme neno.

"Mimi niliangalia kufuli," akasema. "Mwanzo inafungwa kutoka ndani, baadaye kutoka nje, na hakuna aliyeigeuza. Aliyefungiwa kashindwa kujua amefungiwa lini. Hiyo ndiyo inayotisha, siyo yule mwenye meno."

Bibi mmoja mwenye hereni kubwa alisema, "Jamani, huyu mjomba!"

"Ndugu yangu, filamu kama hizi umeziona wapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Tulikuwa tunaoneshwa."

"Na nani?"

Fundi alimtazama binti. Binti alikuwa anatazama viatu vyake.

"Na serikali," akasema.

"Mnasikia!" Mwenyekiti aliwageukia wanachama, sauti ikitetemeka kwa wivu. "Kuna serikali zinazojali sanaa!"

Kabla ya kutawanyika, saa kumi haijafika, alitangaza ya wiki ijayo. Alitamka jina refu la kigeni, akaeleza: mwanamke, dobi, barua. Kazi adimu, imepatikana kwa taabu. Fundi alishika ukingo wa kiti alichokalia. Mama Pasi.

Wiki hiyo funguo mbili alizichonga kinyume. Jumamosi alinyoa ndevu mara mbili. "Mjomba tena?" alimuuliza binti wakipanda ngazi za maktaba, kwa utani tu, lakini utani haukufika. Uso wa binti ulikuwa umeiva.

Filamu ilianza saa nane na nusu kamili, kwa sababu Mwenyekiti ni mtu wa kujali muda. Hakuna aliyelifikiria hilo, hata fundi. Alimwona tarishi, akaiona barua ikiingia kwenye aproni, na mashuka yakaanza kupita, yaleyale, kwa mpangilio uleule alioujua kuliko shati lake. Watu walijigeuza vitini. Bibi wa hereni alisinzia. Fundi alilia kidogo, gizani hakuna aliyeona. Aliwakumbuka wale sitini na alitamani wawe hapa, wapige makelele yao. Mvuke, shuka. Mwanamke akaiweka pasi chini. Akafuta mikono. Akaingiza mkono mfukoni.

Ikawa saa kumi kamili.

Fundi aliinuka. Hakuamua, aliinuka tu, akatoka hadi kwenye njia iliyo katikati ya viti, akachuchumaa, kichwa chini, mikono magotini.

"Kumi na nne!" akasema, kwa sauti ya uani.

Ukumbi mzima uligeuka. Hapo ndipo akili ilipomrudia, na ilirudi yote kwa mpigo. Alijua yuko wapi. Alijua amefanya nini, na amemfanyia nani. Lakini magoti yalikataa. Miaka sita yalifunzwa kwamba huinuki mpaka anayekufuata ataje yake, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Mbele, Mwenyekiti aliegemea kwa furaha akamnong'oneza jirani yake, "Ni uigizaji! Anaijibu filamu kwa mwili!" Na watu wawili watatu, Mungu awasamehe, walianza kupiga makofi.

Kiti kilisogezwa. Viatu vya kisigino kifupi vilikuja taratibu kwenye ile njia. Binti alikusanya sketi yake ya kazini, akachuchumaa nyuma ya baba yake, akainamisha kichwa.

"Kumi na tano," akasema.

Fundi akainuka.

Binti naye aliinuka, akiwa ameshika mkono wake, akawakabili wale wenye makofi hadi makofi yakafa.

"Huyu si mjomba," alisema. "Huyu ni baba yangu. Hakuna ughaibuni. Alikuwa jela miaka sita, na nilikuwa nawadanganya. Saa kumi huwa wanahesabiwa."

Kwa mara ya kwanza tangu chama kianzishwe, Mwenyekiti hakuwa na la kufafanua. Taa ziliwashwa. Kwenye kitambaa majina ya watengenezaji yalikuwa yanapanda, na ikabainika kwamba ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama mtu aliyechuchumaa, na hakuna hata mmoja aliyeona barua ilisema nini. Bibi wa hereni alikuwa ameamshwa na ile namba. Mwenyekiti alivua skafu yake, akaikunja, akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuizoea, "Ndugu yangu, nairudisha nyuma. Dakika mbili tu. Uione."

Fundi alifikiri. Kisha akatikisa kichwa.

"Acha, bwana. Nikiiona itabidi nikawaambie. Na kuna mtu kule amebakiza miaka kumi na mmoja. Nikishamwambia, atakuwa anafanya nini?"

Walitembea hadi nyumbani bila haraka. Barabarani watu walikuwa wanafunga maduka ya Jumamosi, mabati yakishushwa, kufuli zikibanwa, na fundi kwa mazoea alizikagua moja moja, akiguna kwa zile za bei rahisi. Binti alikuwa amemshika mkono, na pindo la sketi yake lilikuwa na vumbi.

"Shangazi atatuua," binti akasema.

"Ataanza na mimi. Wewe utapata muda wa kukimbia."

Walipita duka la miwani, wakapita la dobi, na hapo wote wawili walichungulia ndani bila kuambizana.

"Kinyozi utamwambia nini?" binti akauliza.

"Nitamwambia ukweli. Nilikaribia kuona, nikaitwa kuhesabiwa."

"Hatakuamini."

"Ataamini nikienda na shahidi," fundi akasema, akitazama mbele. "Safari ile sikuwa naye."

Walifika kwenye geti lao. Kutoka ndani shangazi alikuwa anasikika akigombana na sufuria. Binti alishika komeo, lakini hakulivuta.

"Jumapili wanafungua saa ngapi?"

"Saa tatu. Ila foleni inaanza saa moja."

"Basi uniamshe, baba."